Haya Ni Mafuta, Mheshimiwa

Nyambura wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa kinyozi, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni nikuandikie kabla hujarudi na kichwa cha mtu nisiyemjua. Baba yako yuko nje anapaka jina lako kwenye sanduku la bati. Anaandika herufi moja, anarudi nyuma kuitazama, anaandika nyingine. Mambo ya sabuni, soksi na kunywa maji nimemwachia yeye. Yeye ndiye mtu wa soksi. Mimi nina deni la maelezo kuhusu neno moja tu.

Siku uliponiambia tulikuwa katikati ya mtama, tunakata. Hukunitazama. Ulisema, "Mum, nilienda kule uwanjani wanakosajili polisi. Nimechukuliwa." Mimi nikaendelea kukata kama sikusikia. Halafu nikasema, "Nenda." Ukangoja niongeze kitu, sikuongeza. Baadaye nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba nimekasirika, naye akakwambia uniache nipoe. Sijapoa, Mami. Lakini hujui nilichokasirikia, na sitaki upande gari kesho ukibeba sababu isiyo yenyewe.

Wewe ni binti wa pili, baada ya Shiku, kwa hivyo ulipewa jina la mama yangu, na ndiyo maana nakuita Mami nikifurahi na Nyambura nikiwa na neno. Shosho wako unamkumbuka akiwa mzee wa kuota jua mlangoni kule Bondeni mjini Nakuru, akikuuliza kila dakika kama umekula. Mimi namkumbuka akiruka ukuta.

Alikuwa anapika chang'aa, ile pombe kali ya haramu. Hilo unalijua, lakini unalijua kama kichekesho cha wajomba zako wakati wa Krismasi. Kwangu hakikuwa kichekesho. Askari walipoingia ile mitaa ya nyumba za kaunsili, kazi yangu ilikuwa kukalia jerikeni. Mama alilifunika kwa gunia, akanikalisha juu na kitabu cha hesabu mapajani, nami nikatakiwa nionekane mtoto anayesoma. Kulikuwa na askari mmoja aliyependa kuinama akitazama hesabu zangu. "Huyu atakuwa daktari," alisema, na alijua vizuri nimekalia nini. Halafu alitoka nje na mama wakaongea kwa sauti ya chini, na alipoondoka mfuko wake ulikuwa umevimba. Niliichukia ile sare kabla sijajua kugawanya.

Nikaapa kwamba nikitoka Bondeni, pua yangu haitanusa tena kitu kinachochachuka.

Baba yako akanioa, akanileta huku upande wa Rongai, kwenye hiki kipande ambacho babake alinunua mkonge ulipong'olewa na shamba la mzungu likakatwakatwa. Mvua ya hapa unaijua. Inapita juu ya Menengai kwenda kuwanyeshea watu wa Bahati, sisi inatuachia upepo. Tulipanda mahindi kama kila mtu, na kama kila mtu tulikuwa na mwaka wa kuvuna na mwaka wa kuombea.

Ndipo walipokuja wale vijana wa kampuni, na mkutano ukaitwa pale shule ya msingi. Walikuwa vijana wa heshima, na hata leo siwezi kuwatukana. Walisema kuna mtama wa aina nyingine, mtama mtamu, ambao utamu wake haumo kwenye punje, umo ndani ya bua kama muwa. Ukilikamua bua unapata maji ya sukari. Ukiyachachusha na kuyapika unapata ethanoli, na ethanoli inachanganywa na petroli magari yakatembea. Kiwanda kitajengwa kando ya barabara kuu. Punje ni zako, ule ugali na uji. Makapi ni ya ng'ombe. Na mvua yenu hii hii inatosha.

Yote hayo yalikuwa kweli. Nataka ulijue hilo, kwa sababu hapa watu wanasema tulidanganywa. Mmea haukutudanganya hata kidogo.

Kosa lilikuwa langu. Baba yako alisema, "Tuache hata robo ya mahindi, Mama Shiku." Nikamjibu kwamba mtu mwoga hajengi ghorofa. Nikapanda mtama mpaka mlango wa choo. Wakati huo ulikuwa darasa la nne, na utakumbuka mtama ulivyompita baba yako urefu, wewe na watoto wa Mama Chelimo mkipotea humo ndani na kurudi midomo imekatwakatwa na maganda ya mabua. Utakumbuka pia wale ndege wa midomo myekundu wanaotua kama blanketi lililotupwa, na sisi tukipiga madebe kutwa nzima. Watu walipita barabarani wakituonea huruma. "Mama Shiku," mmoja aliniuliza, "mtu na akili zake anapanda chakula cha kuku akilishe gari?" Nikamwambia gari halijawahi kukosa kula hapa Kenya, ni sisi tunaokosa. Nilikuwa na mdomo. Bado ninao.

Mtama ukakomaa, na lori halikuja. Tulipiga simu, tukaambiwa mteja hapatikani. Kule kando ya barabara kiwanda kilikuwa nguzo na bango, na bango nalo likaibwa mabati. Mabua ya mtama si kama mahindi ya kuweka stoo. Ukichelewa, sukari inapungua ndani ya bua lenyewe ukiliangalia. Kila aliyepanda akaanza kukatia ng'ombe, kimya kimya, kama watu wanaozika.

Mimi nilisimama shambani nikavunja bua moja na kulisokota. Maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko. Na mkono wangu ukajua la kufanya kabla mimi sijakubali.

Nilienda Nakuru kwa fundi wa jua kali akanitengenezea mashine ya kukamulia ya kuzungusha kwa mkono, kisha nikatafuta pipa na bomba la shaba. Baba yako alitazama vile vitu vikishushwa, akaniuliza, "Wewe si uliapa?" Nikamwambia niliapa kuhusu pombe. Mafuta na pombe ni ndugu wa tumbo moja, sitakudanganya, lakini hata Kaini na Abeli walikuwa ndugu. Pombe unaipika unaiacha na maji yake. Mafuta unayarudisha motoni tena mpaka maji yaishe karibu yote, mpaka ukiyawasha yatoe moto wa buluu ambao mchana huuoni, unausikia tu kwa mkono.

Jiko la kwanza niliwasha kwa jirani yetu Mama Chelimo, kwa sababu ya kifua chake. Unakumbuka kilivyokuwa kikipiga filimbi kwa miaka ya kupuliza kuni mbichi. Aliketi kwenye kigoda akalitazama lile jiko, akingoja.

"Moshi uko wapi?" akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Mama Chelimo."

Akafikiri. "Sasa wageni nitawafukuza na nini?"

Alicheka mpaka akakohoa, na kilikuwa kikohozi cha kucheka tu. Wiki hiyo wanawake walianza kuja na chupa.

Sasa nisikilize hapa. Ile mara ya kwanza chifu alipokuja na askari, mimi nilikuwa na haki, lakini sikuwa na njia ya kuionyesha. Mafuta yangu yalikuwa meupe kama maji. Mtu mwenye kiu mbaya angeweza kuyanywa akafa, na hilo nilikuwa sijalifikiria, maana mimi niliona jiko tu. Kwa hivyo siwezi kumlaumu chifu kwa kuja. Namlaumu kwa kilichofuata.

"Mama Shiku, hata wewe?" alisema.

"Chifu, haya ni mafuta ya jiko. Ingia jikoni nikuonyeshe."

"Mama yako si ndiye Nyambura wa Bondeni?"

"Ndiye."

"Basi," akasema. Uchunguzi wote ukaishia hapo. Akawageukia askari, nao wakaanza kazi.

Wewe ulikuwa umesimama karibu na zizi na sare yako ya shule. Walipiga pipa kwa shoka, wakamwaga kila kitu, mbuzi wakakimbia harufu. Mmoja aliniambia, "Mathe, hii tunaijua, tumezaliwa nayo." Wakanipandisha gari, na nilipogeuka nikaona Mama Chelimo amekushika mabega.

Mahakamani walinipanga kwenye benchi na watu wengine wengi. Karani akapita akinong'ona, "Kubali, mtatoka leo leo." Baba yako alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, kofia mkononi. Naye akaninong'onezea, "Kubali yaishe, mama. Ng'ombe hawajakamuliwa." Nilisomewa kwamba nilipatikana nikitengeneza chang'aa. Ni kweli au si kweli?

Nikasema, "Ni kweli."

Tukalipa faini. Jioni nilikuwa nyumbani, nimeketi nyuma ya ng'ombe, nikikamua. Ilikuwa rahisi hivyo. Na kwa urahisi huo nikawa mpika chang'aa, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kanisani wakaniomba nipumzike kidogo kwenye kwaya. Shuleni wakakupa jina, na ulirudi siku moja na kola imechanika, ukaniuliza bila kulia, "Mum, kwa nini ulisema ni kweli?"

Nilikwambia uende ukabadilishe nguo.

Sikuweza kulala na swali hilo nyumba moja, nikaenda Bondeni kwa mama. Nilidhani atanicheka, mimi niliyemtoroka yeye na bomba lake la shaba, sasa nimeshikwa na langu. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akisugua magoti yake kwa mafuta ya kondoo.

"Mimi walinishika mara nyingi," akasema. "Kila mara nilisema ni kweli, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilipika pombe, nikawasomesha. Sikuiita dawa ya kikohozi. Wewe ulikuwa unapika nini?"

"Mafuta."

"Na ulimwambia mzee wa korti unapika nini?"

Nikainama nikaokota kifuniko cha mafuta yake.

"Mimi sikukulea kwa uongo," akasema. "Pombe ilikuwa yangu, na nimeijibia mimi. Usiwe unaenda kuikubali wewe."

Nikatoka hapo nimechapwa, mwanamke mzima na watoto.

Msimu uliofuata tulipanda tena. Safari hii mahindi yalipata sehemu yao, maana nimejifunza kwamba tumbo halipelekwi mahali pa majaribio. Mama Chelimo na wanawake wengine wakaingia, tukajiandikisha kikundi, tukanunua pipa jingine. Na kabla mtungi wowote haujatoka bandani tulitia shubiri, ile aloe ya mwitu inayoota kwenye mawe huko chini. Tuliikamua tukachanganya mpaka mafuta yakawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na uchungu ambao ukigusa mdomo unautafuta ulimi mpaka kesho yake. Kila mtungi ukaandikwa kwa rangi nyekundu: MAFUTA YA JIKO, USINYWE. Nikaenda kwenye ofisi mjini Nakuru kuomba leseni, nikaambiwa leseni hizo ni za viwanda. Nikauliza kiwanda kinaanza na ukubwa gani. Yule kijana wa mezani akafunga faili, akasema, "Mama, rudi wiki ijayo." Nilirudi wiki hiyo, na zingine. Nilikuwa nabeba chapati zangu.

Wakaja tena kabla leseni haijatoka. Chifu mwenyewe hakuja. Alikuja sajini mmoja na askari watatu, na mmoja wao alikuwa msichana. Unamkumbuka kuliko mimi. Konstebo Nekesa, mfupi, na kofia iliyomzidi kichwa.

Mimi sikukimbia na sikuketi juu ya kitu chochote. Nilifungua banda nikawaambia, "Onjeni kabla hamjavunja." Sajini akasema hakuja kuonja. Wakati wale wengine wanapakia pipa langu kwenye gari, yule msichana alifungua mtungi, akachovya kidole, akagusa ncha ya ulimi. Aliinama papo hapo akatema kama mtoto aliyepewa kwinini. Wewe ukacheka. Nikakukemea kwa macho. Yeye akakutazama, mdomo umekunjamana, naye akataka kucheka akakumbuka yeye ni nani. Halafu akaandika kwenye kidaftari chake.

Benchi lilikuwa lile lile. Karani yule yule akapita. "Kubali, mama, utatoka leo." Nikasomewa: nilipatikana nikitengeneza chang'aa. Ni kweli au si kweli? Nyuma yangu nilisikia baba yako akikohoa, na nilikijua hicho kikohozi.

"Si kweli, Mheshimiwa."

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akainua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Kuna kitu hukukijua. Ukisema "si kweli," huendi nyumbani. Wenzangu waliosema "ni kweli" walitoka saa hiyo hiyo. Mimi nililala ndani mpaka dhamana ilipopatikana, kwenye sakafu ambayo sitakueleza, na mwanamke aliyekuwa kando yangu aliniambia, "Wewe umesoma sana au ni mjinga?" Baba yako alipokuja kunichukua hakuniongelesha mpaka tulipofika Kiamunyi. Hapo akasema, "Ungekubali." Nikamwambia, "Niliwahi."

Nakuambia haya kwa sababu ya kazi unayoiendea. Utawapeleka watu mbele ya hakimu na utawasikia wakisema "ni kweli," mmoja baada ya mwingine, na wenzako watakwambia, unaona, hawa ni wahalifu. Wengine watakuwa hivyo. Wengine watakuwa na ng'ombe ambao hawajakamuliwa. Usije ukadhani kukubali ni ushahidi. Kukubali mara nyingi ni mtu anataka kwenda nyumbani.

Siku ya kesi nilikuja na wewe, kwa sababu uliniambia shule haitakwenda popote. Konstebo Nekesa aliitwa kama shahidi wa serikali. Shahidi wao, si wangu.

"Ulikuta chang'aa katika boma la mshtakiwa?" mwendesha mashtaka akamwuliza.

"Nilikuta mitungi ya kitu cha majimaji, rangi ya chai. Ilikuwa imeandikwa mafuta ya jiko, usinywe."

"Sikukuuliza imeandikwa nini. Ulikuta nini?"

"Niliweka kwa ncha ya ulimi, Mheshimiwa. Ni chungu. Mpaka leo nikikumbuka nasikia kutema."

Watu wakacheka. Sajini wake, aliyekuwa mlangoni, akaanza kuchunguza dari.

"Shahidi, jibu swali. Kwa maoni yako, hii ni pombe ya kunywa?"

Alikuwa msichana mdogo, pengine miaka michache tu kukuzidi wewe wa leo. Alijua nani amesimama mlangoni.

"Kwa maoni yangu, hapana," akasema. "Mtu wa kuweza kunywa ile, Mheshimiwa, si wa kushtakiwa. Ni wa kuombewa."

Hakimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, unasema hivi ni vitu gani?"

"Haya ni mafuta, Mheshimiwa."

Akalitupa lile shtaka. Akanigombeza pia, na ilikuwa haki, kwamba kupika bila leseni ni kosa hata kama unapika maji ya kanisa, na kwamba pipa langu litabaki kituoni mpaka niwe na karatasi. Nikasema asante.

Kule kwenye ukumbi ukauachia mkono wangu. Ulikimbia mpaka kwa Konstebo Nekesa, ukasimama mbele yake kama uko gwaride, ukasema, "Asante, madam." Akainama akakurekebisha kola. Na mimi nikaja nikakuvuta mkono, kwa nguvu, nikaondoka nawe bila kumsalimia yule msichana. Ulinuna njia nzima. Sikukueleza kitu, kwa sababu maelezo yangekuwa haya: nilimwona ni Nekesa, halafu nikaona sare, na sare ikashinda.

Msimu uliofuata, kabla mtama haujatoa masuke, nikasikia amehamishwa, mbali kaskazini, mahali pa jua na vumbi. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya ushahidi wake. Hakuna aliyehitaji kusema. Nilipanga kutafuta namba yake nimshukuru. Sikuitafuta.

Sasa unaelewa nilichokasirikia pale shambani? Uliposema umechukuliwa, nilijua mara moja ni nani umekuwa ukimfuata miaka yote hii. Na niliona wivu, Mami. Mimi ndiye niliyelala kwenye ile sakafu. Mimi ndiye niliyesema "si kweli" huku mume wangu anakohoa. Nawe ulipotazama chumba kizima cha korti, ukachagua kuwa yule mwingine. Ilinichoma. Ndiyo maana lilitoka neno moja tu. La pili lingetoka na machozi, na mimi sikati mtama nikilia.

Lakini lile moja nililimaanisha. Mimi peke yangu ningesema "si kweli" mpaka leo niko ndani. Ilihitajika mtu wa upande ule aseme alichokionja. Wanawake wa aina yangu tuko wengi, tutajipigania. Wa aina yake ni haba. Nenda uongeze idadi.

Usiende ukidhani nimesamehe. Sijasamehe. Shoka lile bado nalisikia. Pipa langu liliota kutu kule kituoni. Leseni ilipotoka hatimaye, wewe ukiwa umeshamaliza shule, nikalikuta limetoboka, nikamwambia fundi atengeneze jingine kubwa zaidi. Sokoni bado wapo wanaoniita Mama Chang'aa. Nikiitwa hivyo nageuka, naitika, nawauzia mafuta. Wale vijana wa kampuni wangerudi kesho na mbegu mpya ningewapa viti, na ningeuliza maswali mpaka wajute kuja. Mwaka huu mtama ni mzuri kuliko wakati wowote. Walisema ni chakula cha kuku. Leo maboma yote ya ukingo huu yanapika bila moshi, na Mama Chelimo ameanza kuimba kanisani. Sauti ni mbaya, lakini ni ya kifua kizima.

Jana mama mmoja aliniambia, "Sasa una bahati, binti yako ni karao, hakuna atakayekugusa." Nilimjibu vibaya. Simtumi mtoto wangu huko awe uzio wa boma langu. Usimpigie chifu simu kwa ajili yangu. Usinitaje kwa wakubwa wako. Na usiniletee nyumbani kitu ambacho huwezi kumwambia baba yako mezani kimetoka wapi, kwa sababu nitakiweka nje ya lango, na nitakuweka wewe nje pamoja nacho, na unajua naweza.

Ila siku moja ukitumwa hapa, njoo. Usiombe wamtume mwenzako kwa aibu. Ingia kwa lango, ubishe. Fungua kila mtungi. Ukikuta pombe, nishike. Sitakuita Mami mbele ya wenzako kukulainisha. Ukikuta mafuta, sema umekuta mafuta, hata mkubwa wako awe amesimama mlangoni akihesabu mbao za dari.

Wakikuhamisha kwa hilo, wakupeleke huko mbali kwenye vumbi, usiniandikie kunilalamikia. Niandikie jina la mahali, na udongo wa huko ukoje. Nitakuja na mbegu.

Ni mimi, mama yako.